Ruhusa ya kujenga: karatasi ya zamani inayolinda nyumba ya leo

Mwaka jana, mvua ya kwanza ilipoanza kunyesha, shangazi yangu wa Katuba aliamka asubuhi akakuta ukuta wa jiko lake umeandikwa na rangi nyekundu: « Parcelle en litige ». Kila mutu wa Lubumbashi anajua maana ya maneno hayo. Nyuma ya rangi kunakuja mutu na mita mu mukono. Nyuma ya mita kunakuja matofali.

Siku ile ile mutu alikuja kweli, pamoja na vijana watatu. Alikuwa mupole, alisalimia vizuri, akamuonyesha shangazi fotokopi moja. Fotokopi ilisema nusu ya lupango, upande wa nyuma, ni yake, aliinunua. Shangazi ni mujane wa mufanyakazi wa mine, amepita miaka sabini. Alimujibu:

— Hii jiko njo baba yangu aliijengaka. Miye mwenyewe nilibebaka maji ya kukoroga potopoto. Nilikuwa mutoto kadogo.

— Sawa, mama. Leta karatasi.

— Karatasi ya nini? Jiko hauione?

Wandugu wa kazi, ba mama wa nyumba, najua wengi kati yenu mumesikia maneno hayo mbili: « Leta karatasi. » Tunasikia vile ku biro, tunasikia ku hospitali, tunasikia siku baba anakufa na ndugu wanakuja kugawa vitu. Leo nataka niwaeleze juu ya karatasi moja ambayo familia nyingi za wachimbaji ziko nayo bila kujua. Haiko mu sanduku chini ya kitanda. Iko ku arshivi ya Leta, na inaitwa « autorisation de bâtir », ni kusema ruhusa ya kujenga.

ENDA KWANZA KU ARSHIVI

Miye ni delege wa sindika. Kazi yetu ni kusoma bulletin ya mushahara, kuhesabu saa za ziada, kufuata dosie ya mutu aliyeumia mu mine. Juu ya mambo ya lupango sikukuwa na akili nyingi. Nilitaka kukimbia moja kwa moja kwa avoka. Muzee mumoja wa kazi, aliyekuwa dessinateur zamani na leo yuko mu pansioni, alinizuia:

— Kijana, mbele ya kumulipa avoka, enda kwanza ku arshivi. Wakati ya Wabeleji mutu hakujengaka hata choo bila kuandikwa. Kama babu yako alijenga, kuko fasi karatasi yake inalala.

Tulitafuta siku tatu. Jina la biro sitaliandika hapa, sababu wale wanaofanya kazi mule wanaifanya na mikono mitupu, na sitaki mutu apate matatizo juu ya paa inayovuja. Kilikuwa chumba kirefu. Dosie zimefungwa na kamba, zingine ziko juu ya etajere, zingine chini. Muchwa wamekula pembe. Mu kona moja maji ya mvua yalishikamanisha dosie nyingi zikawa kitu kimoja, hakuna tena namna ya kuzifungua.

Mutunzaji wa arshivi alituuliza maswali matatu: jina la mwenye kujenga, namba ya lupango, na mwaka. Jina tulikuwa nalo. Namba tulikuwa nayo, lakini ni ya leo. Mwaka hatukuujua.

Halafu akauliza tena:

— Babu yenu aliitwaka nani mbele ya authenticité?

Hapo nilinyamaza. Mu 1972 Leta ya Zaïre iliamuru kila mutu aache jina la kizungu. Babu aliacha jina lake la ubatizo, na mu familia hakuna mutu aliyelitumia tena. Tulimupigia shangazi telefone, yeye njo alilikumbuka. Kweli, mu dosie babu aliandikwa na jina la ubatizo mbele, jina la kwetu nyuma, na kosa moja ya herufi juu yake. Kama hatungemupigia shangazi, tungepita juu ya babu yetu bila kumujua.

KARATASI TATU, INCHI TATU

Dosie ilikuwa nyembamba. Kati ya karatasi zilizokuwa ndani, tatu ziliniacha bila maneno.

Ya kwanza ni ya 1955, na muhuri wa Congo Belge. Ni ruhusa ya kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Kuna mchoro wa lupango: barabara mbele, mipaka pande zote, na namba za majirani wa kuume na wa kushoto. Kuna liste ya vitu ambavyo babu alichukua kwa deni: simenti, mabati, milango, madirisha. Chini kuna maandishi ya mutu wa hygiène: choo kikae mbali na nyumba, na kila chumba cha kulala kiwe na dirisha la kuingiza hewa.

Ya pili ni ya 1961, na muhuri wa État du Katanga. Babu analomba ruhusa ya kuongeza jiko na magazini upande wa nyuma. Plani imechorwa juu ya karatasi ya bleu, ile ya wachoraji wa zamani, na vipimo vyote vimeandikwa. Jiko lile ni lile lile lililoandikwa na rangi nyekundu.

Ya tatu ni ya 1974, na muhuri wa République du Zaïre. Babu analomba kuzungusha lupango na ukuta wa matofali.

Nyumba haikusogea hata kidogo, lakini ilikaa mu inchi tatu, na leo iko mu inchi ya ine. Nilisoma karatasi ya 1961 mara mbili. Mwaka ule mu Élisabethville kulikuwa vita. Askari wa ONU na askari wa Tshombe walipigana mu mwezi wa 9, wakapigana tena mu mwezi wa 12. Na mu mwaka huo huo babu yangu, mufanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, alivaa shati safi akaenda kusimama mu mulolongo ku biro, kwa kulomba ruhusa ya kujenga jiko. Bendera zilikuwa zinabadilika, lakini yeye alitaka kazi yake iandikwe.

KWA NINI WAZEE WETU WALIANDIKWA

Inafaa tujue karatasi hizi zilitoka wapi, sababu hazikuzaliwa juu ya mapendo.

Mji wetu ulianza mu 1910, mwaka ule ule njia ya reli ilifika kutoka kusini. Union Minière ilikuwa imeundwa mu 1906. Tangu mwanzo mji uligawanywa: upande wa wazungu, na upande wa watu weusi, katikati fasi tupu ambayo hakuna mutu alikuwa na ruhusa ya kujenga. Upande wa wazungu, mutu akitaka kujenga nyumba ao magazini, alipeleka plani, akaipokea na sahihi. Sababu hiyo leo watafiti wa Université de Lubumbashi na wa Gand, kule Ubelgiji, wakifungua mikanda ya zamani ya viwanja na majengo, wanaweza kusema nani alijenga duka gani, Mugiriki, Mutaliano ao Muyahudi wa Rhodes, na mwaka gani.

Upande wetu mambo yalikuwa tofauti. Cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo, ilianza mu 1921. Nyuma yake ikaja Kenya. Mutu mweusi alipewa fasi ya kukaa, lakini udongo haukuwa wake. Alipewa kitabu kidogo, « livret de logeur », kinachosema anaruhusiwa kukaa pale. Ilikuwa haki ya kukaa tu.

Nyuma ya vita ya pili ya dunia, watu waliongezeka sana mu mji, nyumba zikakosa. Katuba ilifunguliwa karibu na 1950. Mutu wa Leta aliyeitwa Grévisse alipanga namna hii: mwenye lupango anakopeshwa vitu vya kujengea, Leta inachunga kazi, naye analipa polepole. Mu 1952 wakaunda Office des Cités Africaines, ambayo watu waliiita OCA, iliyojenga nyumba nyingi mu miji ya Congo, na hapa kwetu ilijenga Ruashi. Mu mwezi wa 2 wa 1953 sheria moja ilikubali mwishoni kwamba Mukongomani anaweza kuwa na nyumba na udongo wake mwenyewe mu mji. Na mu mwezi wa 6 wa 1957 kukatoka dekreti juu ya mipango ya miji. Dekreti ile ingali inatajwa hadi leo kila wakati tunazungumuza ruhusa ya kujenga.

Kwa hiyo, Leta ya wakoloni iliandika sababu ilitaka kujua: nani anakaa wapi, nani ana deni, nani anajenga bila kulipa, choo cha nani kinanuka. Iliandika kwa kutuchunga. Lakini wino ukisha kukauka, hauulize tena ulikuwa wa nani. Leo wajukuu wanaweza kuutumia kwa kujilinda.

MU KAMPI, JINA LA MUCHIMBAJI HALIKO

Hapa nataka wandugu wa mine wasikilize vizuri.

Wengi kati yetu hatukuzaliwa Katuba wala Kenya. Tulizaliwa mu kampi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilibadilisha siasa yake: mbele ilikuwa inachukua vijana kwa miezi michache na kuwarudisha ku mukini, kisha ikataka wafanyakazi wakae na mabibi na watoto. Ikajenga kampi za matofali mu Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kipushi, pamoja na masomo na hospitali. Profesa Dibwe dia Mwembu ameandika sana juu ya maisha ya familia hizo.

Lakini mu dosie ya nyumba ya kampi, nani aliyelomba kujenga? Ni kampani. Plani ni ya kampani, sahihi ni ya kampani. Muchimbaji aliyekaa mule miaka 30 akazaa watoto wanane, jina lake haliko. Lilikuwa mu kitabu cha posho, lilikuwa mu dosie ya kazi, lakini ku karatasi ya nyumba hapana.

Ndiyo maana wazee wenye akili, kama babu yangu, walianza kujenga inje ya kampi mbele ya pansioni. Walijua siku kazi inaisha, nyumba nayo inaisha. Mu 2003 tuliona maana yake: wafanyakazi 10.655 wa Gécamines waliondoka kwa mara moja mu ile operesheni ya départs volontaires. Aliyekuwa na lupango yake mu komini alibaki na fasi ya kuweka kichwa. Aliyekuwa na nyumba ya kampi tu, ilibidi aulize mu biro nyingi yeye ni nani mu nyumba aliyokaa.

Kama nyumba yenu ni ya kampi, na kisha mukaipokea ao mukaiuziwa, musitosheke na ile barua ya kampani. Barua inasema kampani imeacha. Haiseme bado Leta imekupa. Na kama mumeongeza chumba, jiko ao ukuta, ile kazi ni yenu, lakini bila ruhusa ya kujenga haina jina.

KARATASI HII INA NGUVU GANI?

Sitaki kudanganya mutu. Ruhusa ya kujenga haimufanye mutu kuwa mwenye lupango. Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa 7 wa 1973 inasema wazi: udongo wote ni mali ya Leta. Leta inatoa haki ya kuutumia, na ile haki inaonekana mu karatasi moja tu, « certificat d'enregistrement », inayotolewa na conservateur des titres immobiliers. Kwa Mukongomani haki inaweza kuwa ya milele, ni ile wanaita concession perpétuelle.

Ma avoka watawaambia kitu kingine cha kutisha: certificat ikisha kupita miaka 2, haivunjwi tena, hata kama mwenye kuipata alipita njia ya mbaya. Aliyeibiwa anabaki kulomba malipo tu. Kwa hiyo mutu akiandika rangi nyekundu ku ukuta wako, na wewe ukilala miaka mbili ukisema « Mungu ataona », unaweza kuamka nyuma ya wakati.

Basi, ruhusa ya kujenga inafanya kazi gani? Inafanya kazi ya shahidi asiyekufa. Inaonyesha mambo ine: nani alijenga, tarehe gani, mu mipaka gani, na alijenga nini. Shahidi mutu anasahau, anahama, ananunuliwa na bia mbili. Lakini mchoro wa 1961 unaonyesha jiko, na hakuna mutu anaweza kurudi mu 1961 kuliondoa. Ukiwa na shahidi huyo, njia ya kulomba certificat inakuwa fupi, na adui anakuwa na kazi ya kueleza namna gani alinunua udongo wenye jiko la mutu mwingine juu yake.

Tena kwa wajane: sheria ya familia ya 1987 inamupa mujane haki ya kubaki mu nyumba aliyokaa na bwana yake. Lakini kila mara ndugu wa bwana wanasema: « Nyumba ni ya ukoo, kaka yetu aliikuta. » Kama dosie inaonyesha kaka yao njo alilomba ruhusa na njo alijenga, majadiliano yanabadilika.

MASHAHIDI WA WASIOKUWAKO

Kuko jambo lingine ambalo hatupende kulisema. Mu 1992 na 1993, mu Likasi, mu Kolwezi na fasi zingine, wandugu wetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Wengi walikuwa wachimbaji kama siye, waliteremuka nasi mu shimo lile lile. Waliuza nyumba kwa bei ya nguo, ao waliziacha wazi, wakalala ku gare wakingoja treni. Wengine walikufa mu njia.

Karatasi za nyumba zile zingine zingali mu arshivi, na majina ya waliojenga yangali yanasomeka. Siandiki hili kwa kuanzisha tena ugomvi. Watu walionunua kwa roho nzuri wako, na watoto wao walizaliwa mule. Nasema tu kwamba arshivi haina kabila. Tukiiacha ioze kwa sababu inataja jina ambalo hatutaki kulisoma, itaoza pamoja na jina letu.

PALE MINE INAKARIBIA NYUMBA

Kwa nini sindika ya mine inazungumuza mambo ya nyumba? Sababu leo mine inatufuata mpaka mu chumba.

Kolwezi imejengwa juu ya shaba na cobalt. Wote tunakumbuka Kasulo: mu 2014 watu walianza kuchimba cobalt chini ya nyumba zao wenyewe, mu lupango, mu salon. Mu 2017 sehemu ya kartie ilizungushwa ukuta, familia zikahamishwa. Na haikuwa mara ya mwisho kwa mji ule.

Code minier ya 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3 wa 2018, inasema mwenye mine anapaswa kulipa wale anaowaondoa. Mu 2018 hiyo hiyo waliongeza ku règlement minier annexe XVIII, inayoeleza namna ya kuhamisha watu, kuwalipa na kuwapatia makao mapya. Ni sheria nzuri ku karatasi. Lakini siku ya kuhesabu nyumba, mutu wa kompiuta anafika, anapima, anauliza: hii nyumba ilijengwa lini? Ya matofali gani? Vyumba ngapi? Huu ukuta ulikuwako, ao mumeujenga jana kwa kupata malipo? Mwenye plani yake yenye tarehe na muhuri anajibu bila kupandisha sauti. Asiye nayo analia, na malipo yake yanategemea moyo wa anayepima.

Tunapigania mushahara miaka 30, na mushahara wote tunaupeleka mu matofali. Mutu akiyahesabu vibaya, ni kama anakata mushahara wako wa maisha yote kwa siku moja.

NAMNA YA KUTAFUTA

Haya tuliyajifunza kwa kutembea. Muyatumie.

Kwanza, kaeni na wazee mbele ya kwenda ku biro. Andikeni majina yote ya aliyejenga: jina la ubatizo, jina la kwao, jina la nyuma ya 1972, na makosa ambayo karani anaweza kuandika. Ulizeni mwaka: nani alikuwa amezaliwa wakati nyumba inajengwa? Shangazi yangu alisema: « Nilikuwa nimetoka meno ya mbele. » Ile ilitosha kutupeleka karibu na 1961.

Pili, tafuteni majina ya zamani ya fasi. Élisabethville ilikuwa Lubumbashi mu 1966, Jadotville ikawa Likasi, Albert ikawa Kamalondo. Barabara nyingi zilibadilishwa jina, na namba za lupango pia. Mukiwa na namba za majirani wa zamani, itasaidia.

Tatu, mujue muko mbele ya biro gani. Ruhusa ya kujenga inafuatwa ku urbanisme et habitat, na kopi zingine zinalala ku komini. Mipaka na certificat zinafuatwa ku cadastre na kwa conservateur. Ni nyumba mbalimbali. Mutu anaweza kukuambia « hakuna dosie yako » sababu uko ku mulango mubaya. Tangu 2013 karatasi mpya inaitwa « permis de construire », lakini dosie za zamani mutazikuta chini ya « autorisation de bâtir ».

Ine, musitoe orijinali yenu kwa mutu yeyote, hata akiwa ndugu. Lombeni « copie certifiée conforme ». Mukilipa, lombeni quittance. Piga foto na telefone, mbele na nyuma, muhuri uonekane, halafu tuma ile foto kwa watoto wawili ao watatu wanaokaa fasi tofauti. Telefone inaibiwa, lakini haiibiwe tatu kwa siku moja.

Tano, mukisha kupata, musilale. Pelekeni kwa avoka ao ku biro ya sindika, tuone pamoja njia ya certificat. Dosie ya 1955 ni mwanzo wa kazi.

TUNACHOLOMBA

Mu 1978 inchi yetu iliweka sheria juu ya arshivi. Karatasi za Leta ni urisi wa taifa, hazikuwekwa pale kwa kuwashia mbabula. Arshivi za Union Minière zenyewe ziko Bruxelles, zinatunzwa mu arshivi ya Leta ya Ubelgiji, fasi kavu, na liste yake. Mutoto wa Mubeleji anaweza kusoma plani ya kampi ambamo babu yangu alilala. Hapa kwetu, mutoto wa muchimbaji anasimama mbele ya dosie zilizoshikamana na maji.

Siseme tuletewe ma milioni. Naomba paa. Naomba etajere za chuma, ili muchwa wasipande. Naomba kijana mumoja ao wawili waliomaliza histoire ku université, wakae na mutunzaji yule mbele aende mu pansioni, sababu akili ya kujua dosie gani iko fasi gani iko mu kichwa chake tu. Na naomba bei ibandikwe ku ukuta, mutu aone, ili mujane asilipe mara tatu kwa karatasi moja. Kampani za mine zinalipa redevance, na sehemu inarudi ku mikoa na ku komini. Fungu ndogo ya ile feza inaweza kulinda karatasi za watu wanaokaa juu ya shaba yenyewe.

Na siye wa sindika, tufanye yetu. Kila delege anaweza kufungua kitabu kimoja: jina la mufanyakazi, lupango yake, karatasi gani iko, karatasi gani inakosa. Tunafanya vile kwa ajali za kazi. Tufanye vile kwa nyumba.

SHANGAZI NA JIKO LAKE

Mutauliza mambo ya shangazi yaliisha namna gani. Tuliketi kwa shefu wa kartie: shangazi, yule mutu, miye, na muzee dessinateur. Muzee alifungua plani ya bleu juu ya meza. Alionyesha namba za majirani, halafu namba iliyo ku fotokopi ya yule mutu. Namba ile ilikuwa ya lupango ya barabara nyingine, kufuatana na hesabu ya zamani. Mutu alikuwa ameuziwa upepo. Alinyamaza, akaweka mukono ku kichwa, akasema: « Nilitoa feza ya miaka ine. » Nilimuhurumia. Yeye naye alikosa mutu wa kumwambia aende kwanza ku arshivi mbele ya kulipa.

Procès-verbal iliandikwa, wote wakatia sahihi. Lakini certificat ya shangazi bado. Dosie yake iko njiani, watoto wanachanga, na kila mwezi ninaenda kuuliza imefika wapi. Sitasema tumeshinda mbele sijaiona na macho.

Ku ukuta wa jiko tulipaka chokaa. Mvua ikinyesha sana, maneno mekundu yanarudi kuonekana kidogo. Shangazi hakutaka tupake tena. Alisema:

— Acha. Yananikumbusha niende kuuliza karatasi yangu.

Wandugu, muko na wazee mu nyumba? Muwaulize leo: nani alijenga, mwaka gani, aliitwaka nani. Kesho muende ku arshivi.